Msiba wa Ghalani, Mpanda

Shikamoo Ma'mdogo,

Mvua ya Mpanda imenilowesha mpaka soksi, lakini kwa migebuka, samaki wa ziwani, niliyokula mchana nimeisamehe.

Jana jioni mwenyeji wangu, Mama Kulwa, msusi wa Majengo, alinipeleka kutazama maigizo. Vijana wa hapa wamekodi ghala la reli la enzi za mkoloni, wakalifagia, wakajenga jukwaa kwa mbao walizozikuta humohumo. Mfadhili hawana, sauti wanazo!

Katikati ya mchezo baba mwenye nyumba akafa. Mjane akatandika mkeka, akaanza kulia. Nageuka kumtazama Mama Kulwa, kiti kitupu. Kumbe yeye na wanawake wa mstari wetu mzima wameshajifunga khanga, wako jukwaani, wamemzunguka mjane.

"Msiba hautazamwi kwenye kiti," akaniita. "Njoo!"

Nikavua viatu, nikapanda. Tukaimba wimbo baada ya wimbo, mwongozaji kajishika kichwa pembeni. Marehemu alivumilia mpaka ikamshinda. Akafumbua jicho moja, akanong'ona, "Jamani mama zangu, natakiwa kufufuka, mchezo uendelee."

Mama Kulwa akamvuta shuka mpaka usoni. "Lala, baba. Haraka ya nini? Bado hatujamaliza kukulilia."

Ghala zima lilicheka, na shuka nalo likawa linatikisika. Ungekuwepo, Ma'mdogo, nakujua: ungeshabandika maharage ya msiba nyuma ya jukwaa.

Nimekukumbuka mno. Wabusu wadogo zangu.

Mwanao,
Neema