Mara Mbili Nilirudi Juu

Mama yangu,

Mdogo wako, Mjomba, bado anasema nilikuua kwa woga. Alisema kwenye arobaini yako, akarudia juzi kwenye harusi, mdomo umejaa pilau. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanakula. Basi nakuandikia wewe.

Unakumbuka nilipojifunza kupepeta mpunga kule Kamsamba? Nilimwaga tu, makapi yakanirudia machoni, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia, "Upepo haujui kama una haraka."

Siku ile haraka nilikuwa nayo. Tumbo lilikuwa limekukata siku tatu, mvua imeharibu barabara, na tajiri ninayemrushia ndege alikuwa ameniachia ile ndogo nije kukuchukua nikupeleke hospitali Mbeya. Nilikuona toka juu, umelazwa kwenye kitanda cha kamba pembeni ya kiwanja cha ndege. Upepo ulitoka upande wa ziwa, ukapiga ubavuni, ukalegea, ukapiga tena. Niliielekeza pua kwenye upepo, ndege ikashuka upandeupande kama mbwa anavyokimbia. Nilipoinyoosha ili nitue, upepo ukanisukuma kuelekea mlipokuwa, wewe na waliokuleta. Nikaongeza nguvu ya injini, nikarudi juu. Mara ya pili ikawa vilevile, na Mjomba akawatangazia watu kwamba mtoto wa kike ameogopa.

Mara ya tatu nililaza bawa la upande wa upepo, mguu kwenye pedali ukizuia pua isigeuke. Gurudumu moja likagusa nyasi, likafuata la pili, kisha la mbele.

Nilikukimbilia, nikaomba radhi kwa kukuchelewesha. Ulinishika mkono.

"Ungeniangukia hapa, ungekuwa umenisaidia nini?"

Ulifariki kesho yake, Mbeya, baada ya upasuaji. Nilimuuliza daktari kama dakika zile zingekuokoa, akasema hajui. Na mimi sijui. Nakulilia mpaka leo, Mama, ila kujuta sijuti, na sitajuta ili kumridhisha mtu.

Sasa sikia. Mjomba moyo unamsumbua, barabara imekatika tena, na Jumatatu mimi ndiye wa kumpeleka Mbeya. Amekubali mwenyewe. Upepo ukiwa mbaya nitarudi juu naye akiwa amefungwa mkanda nyuma yangu, mara tatu, mara kumi, apige kelele mpaka koo limkauke. Nitamtua akiwa mzima, anitukane akiwa mzima.

Lala, Mama.

Kifungua mimba wako