Maji Yasiyokupwa

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na majirani wa Makadara wanakuangalia. Mimi na Nuru tuko Kisumu, kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa ziwa, karibu na uwanja wa ndege, ili kesho tumpokee babake.

Utanicheka. Leo baada ya chai tuliketi barazani tukingoja maji yapwe, tushuke tukaokote makombe. Tulingoja mpaka tukaletewa samaki wa mchana, mkia umepita sahani. Nikamuuliza mhudumu maji ya hapa hupwa saa ngapi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, hii maji haiendi mahali."

Wajua nilivyoolewa na baharia, leo yuko, kesho hayuko, kama maji ya Kilindini. Sasa ameacha meli, amepata kazi ya kutengeneza injini za boti hapa ziwani. Kila ndege ikishuka Nuru hupunga mkono, ingawa nimemwambia ni kesho.

Ukimaliza kuswali, mama, niombee mume wangu ayaige maji ya huku.

Mwanao akupendaye,
Rukia