Figa la Tatu Liko Mtoni

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba. Babu yako hajambo, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unasema wenzako chuoni wanakucheka: kitongoji kinaitwa Mafiga, lakini katika picha uliyowaonyesha wanaona mawe makubwa mawili tu. Hata mimi nilicheka nilipoolewa hapa. Nilimwuliza mama mkwe, "Sasa chungu mnakiinjika wapi?"

Kesho yake nikaingia mtoni na mkungu wangu wa ndizi, bila kuuliza watu wanavukia wapi. Maji yakanizoa. Ghafla miguu ikagota jiwe, nikasimama katikati ya mto nikipiga mayowe. Mama mkwe akaninyooshea mti mrefu huku akicheka: "Hilo ndilo la tatu! Umekaribia nyumbani."

Waambie wenzako figa la tatu halipigwi picha. Bibi yako amelikanyaga.

Bibi Koleta, ambaye ndizi zake hazikuonekana tena