Hirizi za Pasta Thierry

Doornfontein, Johannesburg
Jumatatu, tarehe 12 Mei

Yaya Marthe, dada yangu mpenzi,

Amani iwe nyumbani kwako Uvira. Mgongo umepata nafuu? Sisi tu wazima, ila baridi ya huku imeanza kutuuma.

Unamkumbuka Pasta Thierry, aliyenivua hirizi ya marehemu mama mbele ya kanisa zima na kuichoma kwenye karai. Alisema mimi ndiye ninayefunga matumbo ya wanawake. Tangu hapo hakuna aliyeniletea hata suruali ya kupunguza, nikafunga cherehani yangu, nikaenda kuajiriwa na Gradi, fundi nguo wa hapa mtaani. Nilikuandikia kwamba nimesamehe. Nilikudanganya.

Mwezi uliopita Gradi alipokea oda ya vifuko mia mbili vya ngozi, vitupu ndani, juu vidariziwe maneno matatu: amulette, amuleto, Amulett. Nikauliza ni vya nani. Vya Thierry. Nikaomba nivishone peke yangu.

Jana kanisani nilikaa kiti cha nyuma. Thierry alieleza kwamba hirizi ni ya shetani, lakini hii ni amulette ya Wafaransa, Wareno wanaiita amuleto, Wajerumani Amulett, na Mungu hawezi kuwakataa watu waliotuletea Biblia. Wanawake wakapanga mstari, wakanunua. Ndipo nikaenda mbele, nikachukua kimoja, nikakifumua kwa wembe. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichodariziwa neno moja: hirizi. Wakafumua na vyao, vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Thierry akapiga kelele kwamba nimemroga. Nikamjibu kwamba hilo ni neno lake lile lile, ila la kwetu, nikaomba lile karai. Mama Godelieve, aliyenitemea mate siku ile, ndiye aliyewasha kiberiti. Vyote vikaingia. Nilimtazama Thierry usoni mpaka moto ukazima, na nilifurahi, sitakuficha.

Sasa neno gumu. Vile vitambaa nilivikata kwenye kitenge cha mama, kile ulichonikabidhi nikitunze mpaka tuonane tukigawane. Nilitaka mama naye awepo siku hiyo. Karai nililiomba kwa hasira, sikukumbuka kwamba yeye ndiye atakayeungua mara ya pili. Kimebaki kipande cha upana wa kiganja. Nimekiweka ndani ya barua hii chote, nusu yangu sikukata.

Wasalimie watoto. Na ukinikasirikia, usingoje hasira ipoe ndipo uniandikie.

Mdogo wako,
Murielle