Baba Ameinua Mkono

S.L.P. 3067,
Nguvumali, Tanga.
12 Juni 2025

Mpendwa kaka Ibrahimu,

Shikamoo. Wazima huko Maskati, wewe na wifi Mwatumu? Kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku alhamdulillahi, wazima, na leo ni zaidi ya wazima: Baba ameinua mkono! Ameuinua mpaka juu ya kichwa, kaka, wa kulia uleule!

Kwenye simu tulikwambia ameteguka tu, maana alitukataza tusikutie hofu. Sasa ameniruhusu nikueleze yote. Mwezi wa pili alianguka mnazini kule Moa, akafikia bega. Ncha ya mtulinga, huu mfupa wa kati ya shingo na bega, ikachomoka mahali pake, ikasimama chini ya ngozi kama kifundo. Hata kikombe hakuweza kukinyanyua. Alikandwa mafuta ya nazi wiki nzima, wapi! Nikamleta hapa kwangu, tukaenda hospitali.

Daktari Anastazia, mama mmoja mpole, alituonyesha picha: kano zinazoushika mtulinga zimekatika. Bila kupasuliwa, mkwezi huyu hatakwea tena. Baba akang'aka, "Mimi si nguru nipasuliwe!" Kumbe aliogopa nusukaputi, asije akalala moja kwa moja.

Mama ndiye aliyemshinda. "Miraji, miaka thelathini na minane nimekungoja chini ya minazi. Nitashindwa kukungoja nje ya mlango mmoja?"

Baba akatia dole gumba kwenye fomu.

Walimfanyia upasuaji kwa saa mbili. Wakaurudisha mfupa, wakaufunga kwa uzi mgumu wa kitabibu. Alipozinduka aliuliza, "Sabra, mkono upo?" Ramadhani yote ukaning'inia shingoni kwa kitambaa, Mama anamlisha, yeye ananuna. Kisha mazoezi, kutambaza vidole ukutani kila asubuhi. Ukuta wangu wa sebuleni umejaa alama!

Leo daktari akamwambia, "Mzee, inua." Akainua taratibu, kafumba macho. Alipofumbua akauona mkono wake kule juu, akacheka mpaka manesi wakaja kuchungulia. Mimi nikapiga vigelegele humohumo ndani. Nimefokewa, sikujali!

Kukwea bado, angoje miezi mitatu zaidi, naye anahesabu siku. Asilolijua ni kwamba Mama ameshaigawa kamba yake ya kukwelea, jirani anafungia mbuzi. Huku hakuna mwenye ubavu wa kumwambia. Wewe ndiye mkubwa wetu, kaka. Piga simu.

Mama anawasalimu sana, na shemeji yako Sabiri pia. Nibusie mwanetu Shehe. Mola awahifadhi ugenini, awarudishe kwetu na afya zenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Sabra