Mume Wangu Anawang'olea Wageni Maharage

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla shamba halijaisha. Mume wangu ni mtu mwema, halewi, hanipigi, lakini tangu atoke kwenye mafunzo ya kilimo cha kisasa sina amani, maana huko walimfundisha kwamba mizizi ya maharage ina vinundu vinavyotia rutuba kwenye udongo, na ukikipasua kinundu ukakuta ndani ni chekundu ujue kinafanya kazi, basi huo wekundu ndio unaoniliza, kwa sababu kila anayefika kwetu lazima auone. Shemeji kaja kuazima baiskeli, kaondoka na shina la maharage. Fundi bomba kapelekwa shambani na spana mkononi. Mama mkwe, na mguu wake ule mbovu, naye kaonyeshwa, akauliza kama vinaliwa. Tena hang'oi moja, Shangazi, la kwanza linatoka na mizizi mitupu, anasema subirini kidogo, anavuta la pili, la tatu, na yote yana maua. Nikisema, ananijibu kwamba sina elimu ya udongo. Ni kweli sina, lakini njaa naijua. Maharage hayo ndiyo mboga yetu na ndiyo mbegu ya msimu ujao, hatuna mengine, na upande wa njiani shamba limeshaota kipara. Sasa Jumamosi amealika kikundi kizima cha wakulima, amewaahidi kila mtu atang'oa lake ajionee. Nimefikiria kufunga geti niende kwa mama. Kinachonifunga mdomo ni kimoja tu, miaka yote walimcheka kwamba kwake hata magugu hayaoti, leo wanamwita Mwalimu, anatembea kifua mbele, nami nampenda akiwa hivyo. Nifanyeje?

Mke wa Mwalimu

Mke wa Mwalimu,

Pole. Nimecheka, unisamehe, halafu nikakasirika, na wewe umo. Unawatazama watu wakimaliza mboga yenu shina kwa shina, unanyamaza ili bwana asinune? Mapenzi gani hayo ya kulala njaa? Na geti usifunge. Ukimwaibisha mbele ya kikundi atanuna mpaka mavuno, na mavuno yenyewe hayatakuwepo.

Mumeo amerudi na nusu ya somo. Maharage hayavutwi kwa mkono. Ukivuta, vinundu vinakatikia ardhini, ndiyo maana havipati mpaka shina la tatu. Shina huchimbwa. Jembe lizame pembeni, liinue bonge zima la udongo, kisha mizizi isuuzwe taratibu kwenye ndoo ya maji. Moja linawatosha wote. Mwambie hayo leo akishakula, mkiwa wawili, mama mkwe asiwepo: "Mume wangu, kila shina unalong'oa ni kibarua unayemfukuza kazi." Na mkivuna, mkate mashina, mizizi ibaki kwenye udongo.

Asiposikia, Jumamosi amka mapema, uwapokee wageni wewe, jembe mkononi na ndoo miguuni. Chimba shina moja, lipite mikononi mwao, na mwache mumeo aeleze mpaka koo limkauke. Atakayeinama kuvuta la pili, mpe jembe akapalilie. Sifa ziwe zake, maharage yawe yenu.