Zizi la Baba Usangu

Nyololo, Jumapili. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujaondoka. Barabara kuu siioni, nasikia malori tu yakibadilisha gia mlimani. Miaka yote hii sijaizoea baridi ya Mufindi. Bado nikiamka huwa natulia kitandani kwanza, nisikilize kama korongo wamelia.

Jana niliwasikia.

Mjukuu wangu Kabula anafundisha shule ya msingi kule bondeni Usangu. Kila kiangazi kijiji chao kinafanya sherehe ya wanyama na ndege wa bonde, na mwaka jana aliponialika nilikataa. Nilimwambia kwenye simu kwamba kunialika nikalisherehekee bonde tulilohamishwa ni sawa na kunialika kwenye harusi ya mke niliyenyang'anywa. Alicheka sana. Tulipohama, yeye alikuwa bado mgongoni mwa mama yake.

Mwaka huu akaniambia kuna fuso litakalowapeleka wazee ndani kabisa, kwenye majani marefu, wakawaone nyati na kurudi.

Nilikwenda kwa ajili ya lile fuso.

Sikumwambia sababu. Kwetu Wasukuma, zamani, mwenye mji alizikwa ndani ya zizi, ili kila jioni kwato za ng'ombe wake zipite juu yake. Baba alizikwa hivyo, kwa kutaka mwenyewe. Siku zake za mwisho hakuulizia watoto. Aliuliza kama ng'ombe wamerudi. Kisha serikali ikatuambia tuhame, bonde liwe hifadhi ya wanyama, tukaswaga mifugo yote, naye akabaki kwenye zizi tupu.

Ardhi nimejifunza kuishi bila hiyo. Ule ukimya juu ya baba ndio ulionishinda.

Sherehe yenyewe ilikuwa nzuri, nakiri. Watoto walivaa vinyago vya maboksi: viboko, mamba, pundamilia mmoja aliyelia kwa sababu masikio yake yalilowa uji. Darasa la Kabula walikuwa korongo, wamejifunga chelewa za ufagio kichwani kama taji, wakirukaruka na kuinama vile vile korongo wanavyocheza mvua za kwanza. Kulikuwa na kwaya, pilau na spika iliyokoroma. Halafu korongo wa kweli wakapita juu, wawili, wakilia. Watoto wakaacha kucheza, wakatazama angani midomo wazi. Mimi pia.

Kwenye fuso nilikaa na Bibi Hawa, Msangu, jirani yetu wa zamani. Mji wao na wetu ilitenganishwa na kijito.

"Masanja," akaniambia kabla sijamwamkia, "umezeeka vibaya! Au ndiyo baridi ya huko mlimani inavyokausha watu?"

"Wewe je, shemeji? Meno umemwachia nani?"

Tukacheka. Alijua ninachokitafuta. Siku ya mazishi ya baba yeye ndiye aliyepika.

Mahali palipokuwa mji wetu sikupatambua kwa macho ya zamani. Njia zimemezwa na majani. Ila uzio wetu ulikuwa wa minyaa, na minyaa haifi kwa kuachwa. Niliiona kwa mbali upande wa kushoto, imekuwa miti mirefu, lakini bado imesimama kwa mduara. Hakuna kitu cha porini kinachoota kwa mduara ule.

Fuso likapunguza mwendo. Watu wote wakahamia kushoto, simu juu.

Ndani ya mduara walikuwepo nyati. Kundi zima, wamelala kivulini, wanacheua.

Nilimwomba kijana askari wa wanyamapori anishushe kidogo tu. Akanishika bega kwa upole. "Mzee wangu, wale si ng'ombe."

Fuso zima likaangua kicheko. Bibi Hawa hakucheka. Alisogea karibu na sikio langu.

"Baba yako kapata mifugo, Masanja. Tena hawa hawahitaji mchungaji."

Nyati mmoja mkubwa akainuka, akajinyoosha, akatembea taratibu akikatiza katikati ya zizi. Niliufuata kwa macho kila mguu ulipokanyaga. Upepo ukaleta harufu ya samadi, na kwa muda huo sikuwa na umri wowote.

Sijaridhika na jinsi tulivyohamishwa, na sidhani nitaridhika. Nayaandika yote mawili hapa, uchungu huu na faraja ya jana, kwa sababu yote mawili ni kweli.

Jioni hii nilipofungua zizi langu dogo, nilisimama langoni mpaka ng'ombe wa mwisho akaingia. Nikawaza kwamba kule nako wanaingia.

Kabula amepiga simu sasa hivi kuuliza kama mwakani nitakuja. Nimemwambia aniwekee nafasi kwenye fuso, upande wa kushoto.